Je, wajua nani hukutumia ule ujumbe wa tiketi ya boti?

Umekaa gatini Amu, umelipia kwa simu kiti cha boti ya Faza. Hujainua hata begi, ujumbe umeingia: kiti nambari 7. Papo hapo jina lako limetokea kwenye orodha ya nahodha, na viti vilivyobaki vimepungua kimoja. Hakuna karani aliyegusa kitu.

Tuseme programu ya tiketi inatumia hifadhidata ya PostgreSQL. Malipo yako yaliongeza mstari mmoja tu kwenye jedwali. Mengine yote yaliamshwa na mstari huo. Hifadhidata huweza kupewa agizo la kudumu: mstari ukiingia, ukibadilishwa au ukifutwa, fanya jambo fulani. Agizo hilo huitwa triga. Triga nyingine hukaa kabla ya mstari kuandikwa, ikakataa tiketi ya boti iliyokwisha ng'oa nanga. Nyingine hufuata baadaye, ikapunguza hesabu ya viti. Kiwango rasmi cha SQL, lugha ya kuagizia hifadhidata, kiliziingiza triga mwaka 1999.

Njia ya pili hukaa nje ya hifadhidata, ndani ya programu yenyewe. Django, kwa mfano, ambayo ni zana ya kutengenezea programu za wavuti, ina ishara: kitu kikihifadhiwa, ishara hutolewa, na kila sehemu iliyojiandikisha kuisikiliza hufanya kazi yake. Ni kama adhana. Muadhini hapiti nyumba hadi nyumba wala hajui nani amesikia. Mwenye duka hufunga mlango, mwingine huenda kutia udhu. Anayehifadhi tiketi naye hana haja ya kujua kwamba kuna ujumbe wa simu.

Lakini ishara hizi zina mtego, na mimi ulininasa. Nilimsaidia jamaa mmoja wa Langoni kutengeneza programu ya namna hii. Siku moja ya kusi bahari ilichafuka, akafuta safari. Nilikuwa nimeandika amri moja ya kubadilisha tiketi zote za safari hiyo kwa mkupuo. Tiketi zilibadilika sawasawa, ila hakuna abiria aliyepata habari. Watu walikuja gatini na watoto na mizigo. Sikujua kwamba katika Django amri ya update, inayobadilisha mistari mingi kwa pamoja, hupeleka kazi moja kwa moja kwenye hifadhidata bila kutoa ishara ya kuhifadhi. Triga ya kila mstari ingaliamka, kwa kuwa yenyewe haijali mabadiliko yametoka wapi.

Mbona basi nisitume ujumbe kutoka kwenye triga? Kwa sababu mstari ulioandikwa bado haujathibitishwa. Hifadhidata hukusanya hatua kadhaa katika muamala mmoja, na hatua ya mwisho ikishindikana, zote hurudishwa nyuma. Kiti kinaweza kurudishwa. Ujumbe uliokwisha fika kwenye simu ya mtu haurudi. Abiria atabaki na tiketi ya kiti ambacho hakipo. Django ina on_commit, inayongojea muamala uthibitishwe ndipo ifanye kazi.

Mimi sasa napenda njia nyingine. Triga inaandika mstari wa pili katika jedwali la ujumbe unaosubiri kutumwa, ndani ya muamala uleule. Tiketi ikirudishwa nyuma, mstari huo nao hutoweka. Kisha programu ndogo ya pembeni hupitia jedwali hilo, ikatuma na kuweka alama. Umeme ukikatika baada ya kutuma na kabla ya alama, abiria atapata ujumbe huohuo mara mbili. Hilo navumilia. Kwenye fedha sivumilii: taarifa ya malipo nayo huweza kuja mara mbili, kwa hiyo nambari ya malipo nimeiwekea sharti la kutojirudia, na taarifa ya pili hugonga hapo bila kuongeza kiti.