Cheti cha Ndoa Hakikuanzia Bomani

Msimu wa harusi za mwisho wa mwaka ukikaribia, madawati ya usajili wa ndoa hupokea lalamiko lile lile kwa sura nyingi. Maharusi walifungishwa kanisani, picha zipo, video ipo, lakini wanapotaka kumwingiza mwenza kwenye bima ya afya au kuomba viza, wanaambiwa karatasi waliyo nayo si cheti cha ndoa. Ni karatasi nzuri, ina njiwa wawili na mhuri wa kanisa, basi. Mchungaji aliyewafungisha hana leseni. Akiulizwa, huja na hoja ambayo sasa imezoeleka: sisi ni Waprotestanti, Luther alishatutoa kwenye taratibu za wanadamu, ndoa ni ya Mungu, serikali isisogelee madhabahu.

Sisi tunaosajili ndoa hatuna msimamo kuhusu teolojia ya dhehebu lolote, na makala hii haimsahihishi mtu mahubiri yake. Ila hoja hii ni ya historia, na kihistoria imesimama kichwa chini, miguu juu. Waliosema kwa sauti kubwa kwamba ndoa ni jambo la mji na sheria zake, si la kanisa peke yake, ni Waprotestanti wenyewe.

Kabla ya Matengenezo ya Kanisa, yaani vuguvugu la karne ya 16 lililoanzishwa na mtawa Mjerumani Martin Luther na kuzaa makanisa ya Kiprotestanti, Ulaya Magharibi ilifuata sheria za kanisa katika ndoa. Kwa sheria hizo, mwanamume na mwanamke waliotamkiana kwamba wanaoana tangu sasa walikuwa wameoana, hata kama walitamkiana ghalani bila kasisi wala shahidi. Kanisa lenyewe halikufurahia jambo hilo. Mtaguso (mkutano mkuu wa kanisa) wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliagiza ndoa zitangazwe mapema ili mwenye pingamizi ajitokeze. (Kwa hiyo matangazo ya ndoa ya Jumapili ni ya zamani kuliko Luther kwa miaka 300. Wanaoyaita mila ya Kilutheri waache.) Lakini ndoa ya siri iliendelea kuwa halali, na mahakama za maaskofu zikajaa kesi za mmoja anayedai tulioana na mwingine anayekana katakata.

Habari ya hoja 95 za Luther dhidi ya uuzaji wa rehema, za tarehe 31 Oktoba 1517, kila mwanafunzi wa kipaimara anaijua, tuipite. Kwa mambo ya ndoa, siku kubwa ni tarehe 10 Desemba 1520, Luther alipochoma moto waraka wa Papa nje ya lango la Wittenberg pamoja na vitabu vya sheria za kanisa. Sheria za ndoa zilikuwa humo. Mwaka huo huo alikwisha kuandika kwamba ndoa si sakramenti. Mwaka 1529, katika kijitabu alichowaandikia wachungaji kuhusu kufungisha ndoa, alieleza kwamba ndoa ni jambo la kidunia, kila nchi ina desturi zake, na kazi ya mchungaji ni kuwabariki na kuwaombea wanaomwendea. Ndoa yake mwenyewe na Katharina von Bora ilifungwa tarehe 13 Juni 1525 mbele ya mashahidi wachache nyumbani, kisha tarehe 27 wakaandamana hadharani hadi kanisani na kufanya karamu. Hata yeye alihitaji mashahidi.

Kuchoma sheria ni rahisi. Kilichofuata ni swali la nani sasa ataamua nani ameoa na nani hajaoa. Mwaka 1525 Zürich, mji wa Uswisi wa mwanamatengenezo Zwingli, iliunda mahakama yake ya ndoa: wachungaji wawili wakiketi na wajumbe wanne wa mabaraza ya mji. Miji mingine ya Kiprotestanti ikafuata njia hiyo. Wakadai mashahidi, wakadai ridhaa ya wazazi kwa vijana, wakataka ndoa ifungwe mbele ya watu. Wakaruhusu na talaka, hasa kwa uzinzi na kwa mwenza aliyetoroka, pamoja na kuoa au kuolewa tena, jambo ambalo sheria ya zamani haikulijua. Mapadri na watawa wa zamani wakaoa, na nyumba ya mchungaji ikawa ya familia ambayo mtaa mzima unaitazama. Wakatoliki nao hawakukaa kimya: mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliweka sharti la paroko na mashahidi wawili au watatu, na rejista ya ndoa juu yake.

Kwa sisi watu wa rejista, mwaka unaopendeza zaidi ni 1538. Uingereza ilikuwa imeachana na Roma, na Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, akaagiza kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, ndoa na maziko, kijazwe kila Jumapili, kitunzwe kwenye sanduku lenye kufuli mbili ili paroko asikifungue peke yake. Asiyejaza alitozwa faini ya shilingi 3 na pensi 4 kwa kila kosa, na fedha hizo zikatengeneze jengo la kanisa. Wananchi walinong'ona kwamba kitabu hicho ni mlango wa kodi mpya. Mnong'ono huo tunausikia hadi leo dirishani.

Uholanzi ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1580 jimbo la Holland liliruhusu wasiotaka kufunga ndoa katika kanisa la Kireformati, yaani kanisa la Kiprotestanti lililotawala huko, wafunge mbele ya mahakimu wa mji, na hivyo Wakatoliki, Wayahudi na Wamenoni (dhehebu jingine la Kiprotestanti) wakapata ndoa halali bila kubadili imani. Ndoa ya bomani, kwa maneno mengine, ni mtoto wa nchi ya Kiprotestanti. Na Sweden, nchi ya Kilutheri, orodha ya watu ilitunzwa na kanisa mpaka mwaka 1991, ilipokabidhiwa mamlaka ya kodi.

Desturi hiyo ya kuandika ilifika kwetu na wamisionari. Mmisionari Mjerumani Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Wamisionari wa Kiprotestanti wa Kijerumani walifuata: Wamoraviani na wale wa chama cha Berlin waliingia Unyakyusa mwaka 1891, wale wa chama cha Leipzig Kilimanjaro mwaka 1893. Wazee wengi wanaokuja kutafuta cheti cha kuzaliwa hawana karatasi nyingine ila cheti cha ubatizo.

Sasa utaratibu. Tanzania Bara inafuata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotambua ndoa ya kiserikali, ya dini na ya kimila. Wanaokusudia kuoana hutoa notisi siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa, ikiwa na majina yao, umri, makazi, majina ya wazazi na hali yao ya ndoa. Notisi hutangazwa. Mwenye pingamizi huliwasilisha, na likitolewa, ndoa husubiri uamuzi wa mahakama; halimalizwi na kamati ya harusi. Leseni maalum ya kupunguza siku hizo ipo, lakini hutolewa kwa sababu zenye uzito. Ukumbi kulipiwa si sababu.

Siku ya ndoa wanatakiwa mashahidi wasiopungua wawili. Mfungishaji awe na leseni ya Msajili Mkuu, na leseni ni ya mtu kwa jina lake, si ya jengo wala ya huduma. Cheti kijazwe na kusainiwa na maharusi, mashahidi na mfungishaji, na nakala ifike kwa Msajili. Kufungisha ndoa huku ukijua huna mamlaka ni kosa la jinai. Kutoa taarifa za uongo kwenye notisi pia ni kosa. Aliyeoa kwa ndoa ya mke mmoja akafunga nyingine huku ya kwanza haijavunjwa, naye amevunja sheria, hata kama kanisa la pili halikujua.

Kuishi pamoja miaka miwili hakugeuki kuwa cheti. Sheria inaweka dhana tu kwamba watu hao wameoana, na dhana hiyo hukanushwa kwa ushahidi. Tumelisema hili mara nyingi mno.

Talaka nayo haitolewi na mchungaji, nabii wala mzee wa kanisa. Mgogoro hupelekwa kwanza baraza la usuluhishi, ambalo laweza kuwa la jumuiya ya dini. Likishindwa hutoa hati ya Fomu Na. 3, na mahakama ndiyo huamua.

Waliokwisha kufungishwa na asiye na leseni wasikimbilie kufunga tena. Kama ndoa yenu ilikidhi masharti mengine yote na hamkujua, nyote wawili, kwamba hana mamlaka, kasoro hiyo peke yake haiibatilishi. Hata kukosa usajili hakuibatilishi. Kinachokosekana ni ushahidi siku mtakapouhitaji, kwenye mirathi hasa. Fikeni ofisi ya usajili wilayani kwenu, wote wawili, na vitambulisho, pamoja na watu walioshuhudia kweli mkila kiapo, si wapambe waliochangiwa nauli kuja kusaini.