Kanisa la Antiokia halikuanzishwa na Paulo

Wengi tumekua tukiamini kwamba Paulo ndo alipeleka injili mji wa Antiokia, na kwamba sisi wengine kazi yetu ni kusikiliza tu. Sio kweli jamani, na Biblia yenyewe iko wazi. Soma Matendo 8:1 polepole, Stefano, mmoja wa waumini, ameuawa, waumini wa Yerusalemu wanatawanyika wote isipokuwa mitume, kwa hiyo waliokimbia ni watu wa kawaida kabisa, labda mtu na kifurushi chake na hajui leo atalala wapi. Alafu nenda 11:19-21, hao hao wakafika mpaka Antiokia, na baadhi yao, watu wa Kipro na Kirene, wakaanza kuwaambia na Wayunani, watu wasio Wayahudi, habari za Bwana Yesu, wengi wakaamini. Majina yao? Hakuna hata moja. Mimi nikifika hapo huwa nasimama kidogo. Barnaba alitumwa baadaye na kanisa la Yerusalemu, ndo akamfuata Sauli, yaani Paulo, huko Tarso, kwa hiyo Paulo alikuta kanisa tayari lipo. Na ni hapo hapo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza.