Wok hei: pumzi ya karai katika upishi wa Kikantoni

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayekwenda Guangzhou kufuata mzigo huwa amefika, pengine bila kujua, katika makao ya upishi ambao kipimo chake cha juu si viungo bali moto. Kipimo hicho huitwa wok hei. Ni maneno mawili ya Kikantoni, lugha ya Guangdong na Hong Kong: wok ni karai, na hei ni hewa, pumzi au nguvu iliyo hai ndani ya kitu, neno lile lile ambalo katika Kimandarini hutamkwa qi. Wok hei, basi, ni pumzi ya karai, yaani ile harufu na ladha ya moshi mwepesi ambayo chakula hupata kinapokaangwa upesi juu ya moto mkali, na ambayo hufifia dakika chache tu baada ya kupakuliwa.

Umbo la chombo chenyewe si geni kwetu, kwa kuwa karai letu, lililotujia pamoja na jina lake kutoka Bara Hindi, nalo lina kitako cha mviringo na masikio mawili. Kinachotofautiana ni matumizi. Karai letu hujazwa mafuta, yakatumbukizwa humo maandazi, bajia au viazi. Woki hutiwa mafuta kijiko kimoja au viwili, na anayekaanga hasa ni chuma chenye moto.

Wapo wanaodhani kwamba ladha hii inatoka katika sosi fulani. Sosi ina mchango wake, lakini chanzo ni vita kati ya joto na maji. Nyama na mboga zina maji mengi, na maji yakiwa bado yametuama katika chombo, joto la chakula halipandi sana kupita nyuzi 100, kwa hiyo kinachodhaniwa kukaangwa kwa kweli kinachemka katika majimaji yake. Moto ukiwa mkali wa kutosha, maji hayo hugeuka mvuke mara tu yanapotoka, chuma hubaki kikavu, na uso wa chakula hupanda kufikia nyuzi 140 na zaidi, ambako protini na sukari huungana na kuleta rangi ya kahawia na harufu nzito. Badiliko hilo lilielezwa na mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Zaidi ya hapo, mpishi anaporusha chakula, matone madogo ya mafuta hushika moto ukingoni mwa karai, na moshi wake ndio unaokirudia chakula.

Kurusha huko si mbwembwe. Mwaka 2020 watafiti wa Georgia Tech, Marekani, walichapisha uchunguzi wa wapishi 5 wa wali wa kukaanga, wakaonyesha kwamba karai husukumwa na kuyumbishwa juu ya ukingo wa jiko karibu mara 3 kwa sekunde. Punje inayopaa hupoa kidogo kabla ya kurudi kwenye chuma, na ndiyo maana wali huiva kwa moto wa kutisha bila kuungua.

Anayetaka kuionja dhana hii safarini aagize, akiwa Hong Kong au Guangzhou, gon chow ngau ho, ambazo ni tambi pana za mchele zilizokaangwa kavu pamoja na nyama ya ng'ombe, chipukizi za maharage na sosi ya soya. Mlo huu ni mtihani wa mpishi: tambi zikikatika, zikigandana au zikiacha dimbwi la mafuta sahanini, ameanguka. Huko Penang, Malaysia, ndugu yake ni char kway teow, yenye kamba, yai na kombe wadogo wa baharini. Msafiri Mwislamu aulize kwanza, kwani wapishi wa Kichina mara nyingi hutumia mafuta ya nguruwe. Wamalay wana char kway teow yao ya halali, ambayo kwa kawaida huwa na mchuzi zaidi. Kwa vyovyote, akae karibu na jiko. Chakula kilichofungwa kwenye kopo na kubebwa hadi hotelini huwa kimekwisha kupoteza pumzi yake.

Nyumbani kikwazo ni jiko, kwa sababu moto wa mgahawa wa Kikantoni unaweza kuuzidi wa jiko la kawaida la gesi mara kumi. Dawa yake ni kupunguza chakula: kaanga sahani moja kwa wakati, nyama peke yake na mboga peke yake, kisha uviunganishe mwishoni. Tumia karai la chuma, si kikaango cha kutogandisha, ambacho utando wake huanza kuharibika karibu na nyuzi 260, na ufungue madirisha. Wali uwe kiporo, kwa sababu wa leo una unyevu mwingi mno. Sosi ya soya imwagwe ukingoni mwa karai ili iungue kidogo kabla ya kugusa wali, na walaji wawe wamekwisha kukaa mezani kabla gesi haijawashwa.