Kukwangua rangi ya zamani ghorofani: yanayomhusu mwenye nyumba na fundi wake

Wiki ya Kimataifa ya Kuzuia Madhara ya Madini ya Risasi huadhimishwa kila Oktoba, na kwa Dodoma huo ndio msimu wa mafundi rangi. Mvua kubwa hapa husubiri hadi Desemba, na wenye nyumba wengi wanataka ukarabati uishe kabla hazijaanza. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, majengo ya katikati ya mji yamepanda thamani. Uhindini, Jamatini na mitaa inayoelekea stesheni kuna majengo ya zamani yenye duka chini na makazi juu. Mwenye jengo kama hilo akiamua kuigeuza ghorofa ya juu kuwa apatimenti ya kifahari, kuta za ndani zinafunguliwa, jipsamu inafungwa, taa za dari zinapangwa na rangi mpya inapigwa kila mahali. Jambo hilo tunaliunga mkono. Jengo la zamani likitunzwa ni faida kwa mji mzima. Kinachotutia wasiwasi, sisi tunaoshughulika na usalama na afya mahali pa kazi, ni namna rangi ya zamani inavyoondolewa.

Malalamiko mengi hutoka kwa majirani: vumbi la kukwangua limeshukia bidhaa za dukani, harufu ya thina imejaa kwenye ngazi, fundi amesimama ukingoni mwa dirisha bila mkanda wa usalama. Mwenye nyumba akiulizwa husema, "Nimeshampa fundi kazi, mengine ni yake." Si kweli, na sababu nitaieleza hapa chini.

Rangi nyingi za mafuta za zamani, hasa nyeupe, za njano na ile nyekundu ya kuzuia kutu kwenye vyuma, zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Madhara yake hayakugunduliwa jana. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 13 wa kudhibiti risasi nyeupe katika upakaji rangi, lakini rangi zenye risasi ziliendelea kuuzwa katika nchi nyingi kwa miongo mingi baadaye. Kiwango kinachopendekezwa leo na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na mazingira ni sehemu 90 kwa milioni, yaani miligramu 90 katika kilo moja ya rangi iliyokauka. Rangi ya zamani inaweza kuzidi hapo mara nyingi sana, na kuifunika kwa rangi mpya hakuiondoi. Ikikaa ukutani bila kubanduka, hatari yake ni ndogo. Ukiipiga msasa wa mashine ikiwa kavu, inageuka vumbi laini. Ukiichoma kwa moto wa gesi ili ibanduke, inatoa moshi wenye risasi.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na inaathiri ubongo unaokua. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Mtoto huyo si lazima awe anaishi kwenye jengo linalokarabatiwa, maana fundi anaporudi Chang'ombe au Nkuhungu na nguo za kazi, vumbi analipeleka kwake na watoto wanamrukia mlangoni.

Hapa lazima niseme kuhusu maziwa. Karibu kila tunapozungumza na mafundi rangi tunaambiwa kwamba ukimaliza kazi unakunywa maziwa, yanasafisha kifua. Naomba imani hii iishe. Maziwa yanakwenda tumboni. Vumbi na mvuke wa thina vinaingia mapafuni na kutoka huko vinapita kwenye damu. Ni kweli kwamba mwili uliokosa madini ya kalsiamu na chuma hufyonza risasi kwa urahisi zaidi, kwa hiyo lishe bora ina maana yake. Lakini pakiti ya maziwa anayogawa mwajiri jioni haiwezi kuchukua nafasi ya barakoa ya kuchuja vumbi, maji na sabuni. Tangu mwaka 1989, kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kimeiweka kazi ya upakaji rangi katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Waajiri wanaojua hili na bado wanatoa maziwa bila barakoa wanatusikitisha.

Rangi ya zamani ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa. Chumba kinachokwanguliwa kizibwe kwa nailoni mlangoni na sakafuni. Pasifagiliwe kwa ufagio mkavu. Pafutwe kwa kitambaa chenye maji. Fundi asile wala kuvuta sigara humo, na abadili nguo kabla ya kuondoka. Kwenye ghorofa ya juu upepo wa Dodoma, hasa kati ya Juni na Oktoba, ni mkali, na kuacha madirisha wazi wakati wa kukwangua ni kuupelekea mtaa mzima vumbi lako. Mwenye shaka na rangi yake achukue vipande vilivyobanduka, aviweke kwenye mfuko safi na kuulizia upimaji katika ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Kanda ya Kati, iliyopo hapa hapa Dodoma. Jambo jingine kwa wenye majengo ya kale: ukuta uliojengwa kwa mawe na chokaa unahitaji kupumua. Ukiuziba kwa rangi ya plastiki, unyevu na chumvi hubaki ndani na plasta inaanza kumeguka. Kuta hizo zinafaa kupakwa chokaa.

Sasa utaratibu. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, eneo la ukarabati lenye wafanyakazi ni mahali pa kazi. Mkandarasi au fundi mkuu aliyeajiri vijana ndiye mwajiri wao. Mwenye nyumba akiwachukua vibarua mwenyewe na kuwalipa kwa siku, mwajiri ni yeye, hata kama hakuna karatasi iliyosainiwa. Mwajiri anasajili eneo la kazi, na usajili unafanyika kwa mtandao kupitia mfumo wa OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi) unaoitwa WIMS. Anafanya tathmini ya hatari kabla kazi haijaanza. Anawapeleka wafanyakazi kupimwa afya: wanapoanza kazi, baada ya muda wakiwa kazini na wanapoondoka. Vifaa kinga anavinunua yeye na havikatwi kwenye ujira. Ajali ikitokea, pamoja na kutoa taarifa OSHA, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unatakiwa kujulishwa ndani ya siku 7. Ajali ikifichwa, aliyeumia ndiye anayehangaika baadaye na madai yake.

Mkaguzi akikuta kasoro inayorekebishika anatoa notisi ya maboresho yenye muda maalumu. Akikuta hatari ya haraka anatoa notisi ya katazo na kazi inasimama, iwe mpangaji anahamia kesho au la. Kuendelea na kazi iliyokatazwa ni kosa jipya juu ya lile la kwanza. Mahakamani adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili. Sisi hatupendi kufika huko.

Usajili wa OSHA hauondoi vibali vingine. Ukibomoa kuta, unahitaji kibali cha ujenzi cha Jiji. Kama jengo lina hati pacha, yaani kila sehemu ya jengo ina hati yake ya umiliki, chini ya Sheria Na. 16 ya mwaka 2008, ngazi na paa ni mali ya wote, na mwenye apatimenti ya juu hawezi kujiamulia kufunga jukwaa la kupandia mafundi huko.

Kuhusu kupanda juu: miguu ya ngazi ya kuegemeza ikae mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za urefu wa kwenda juu. Kuta za nje za ghorofa zinataka jukwaa la vyuma lenye reli za kuzuia kuanguka. Mirunda iliyofungwa kwa kamba haikubaliki kwenye urefu huo, na hoja ya "hajawahi kuanguka mtu" hatuipokei. Thina isitumike ndani madirisha yakiwa yamefungwa au jiko la gesi likiwaka. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na unaweza kuufikia moto ulio mbali na kopo.

Mabaki ya kukwangua yafungwe kwenye mifuko na kutengwa na takataka za kawaida. Yasimwagwe kwenye mtaro wala yasichanganywe na kifusi kinachouzwa kwa kujazia viwanja. Ndoo za lita 20 nazo zina soko kubwa mjini kwa sababu ya shida ya maji. Ndoo iliyokaa rangi ya mafuta, au iliyobebea mabaki ya kukwangua, haifai kwa maji ya kunywa wala unga hata ikioshwa kwa maji ya moto na sabuni. Mwenye nyumba akubaliane na fundi mapema kwamba ndoo hizo zitatobolewa kabla hazijatoka getini.