Pilipili ya kupuliza haimwangushi mtu

Wengi hapa Kigoma wanaamini ukimpulizia kibaka pilipili ya kopo, anaanguka papo hapo. Siyo kweli. Inamfumba macho na kumkohoza, lakini mikono yake bado inafika. Mlevi ndiyo kabisa, anaweza kuendelea kukufuata. Kopo linakupa nafasi ya kukimbia tu. Basi kimbia.

Kubwa zaidi ni upepo. Mchana mara nyingi huvuma kutoka ziwani, usiku hugeuka kuelekea ziwani. Ukitoka mwaloni Kibirizi gizani, ziwa likiwa mgongoni, ukipuliza mbele inakurudia mwenyewe. Afadhali kopo linalotoa mchirizi kuliko la ukungu. Na lishike mkononi. Chini ya mkoba, kati ya kanga na chaja, utalitafuta mpaka uibiwe. Angalia pia tarehe, maana presha huisha.