Kipimo cha miezi mitatu na damu iliyokibeba

“HbA1c haidanganyi.” Kauli hii, juu ya kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, imegeuka wimbo wa kliniki. Wanaiimba madaktari, wauguzi, wauza vipimo, na wagonjwa nao wameipokea. Mtu anakuja na daftari la mashine yake ya nyumbani ya kupima sukari, kwa milimoli kwa lita: asubuhi 9, asubuhi 10, jioni 13. Majibu ya maabara yanasema HbA1c 6.2%, namba nzuri. Bila hata kumwangalia kucha na macho, anaambiwa mashine yake mbovu, au ameandika namba za kubuni. Dawa zinabaki vilevile na anarudishwa nyumbani kwa miezi mingine mitatu, huku figo na macho yakiendelea kuliwa.

Nimeisikia mara nyingi mno, na leo nataka niiandikie kwa urefu.

Tuanze na kinachopimwa. Glukosi hujishika yenyewe, bila kimeng’enya, kwenye himoglobini, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni: kwenye ncha ya mnyororo wake wa beta, pale penye valini (kijenzi cha protini) ya kwanza. Ikishatulia hapo haibanduki tena mpaka chembe nyekundu ife, na chembe hiyo huishi kama siku 120. Mashine inasoma asilimia ya himoglobini iliyoshikwa. Kwa hiyo namba inatokana na mambo mawili: sukari ilikuwa juu kiasi gani, na chembe ilikaa muda gani ndani yake. Shati jeupe lililovaliwa siku moja kwenye barabara ya vumbi jingi linaweza kufanana na lililovaliwa siku nne kwenye vumbi dogo. Ukitaka kulipima vumbi kwa kuangalia shati, lazima ujue limevaliwa siku ngapi.

Samuel Rahbar, aliyeiona himoglobini hii kwa wagonjwa wa kisukari mjini Tehran mwaka 1968, alikuwa anatafuta himoglobini zisizo za kawaida. Kipimo hiki kilizaliwa mikononi mwa watu waliokuwa wanachunguza damu, na sisi tunaokitumia leo tumeacha kuiuliza damu chochote.

Hata hiyo “miezi mitatu” ni maneno ya kurahisisha. Karibu nusu ya namba inatokana na mwezi wa mwisho peke yake. Miezi iliyotangulia inagawana nusu nyingine. Aliyejibana wiki nne kabla ya kliniki ataonekana, na aliyeharibu mwezi huohuo naye ataonekana. Tuyaache hayo, si ndiyo yanayoniudhi.

Yanayoniudhi ni haya. Umri wa chembe nyekundu haufanani kwa watu wote, na hapa kwetu tofauti hiyo ina sababu nyingi kuliko karibu popote duniani. Mpaka wa 6.5%, ambao Chama cha Kisukari cha Marekani kiliukubali kwa utambuzi mwaka 2010 na Shirika la Afya Duniani likafuata 2011, ni mpaka mzuri uliojengwa juu ya kazi nzuri. Heshima ya HbA1c yenyewe ilitokana kwa kiasi kikubwa na jaribio la DCCT la Marekani na Kanada, lililofungwa 1993 baada ya kufuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Waliodhibitiwa hadi karibu 7%, wakilinganishwa na waliobaki karibu 9%, walipunguza kwa 76% hatari ya kuanza kuharibika retina. Sina neno baya kwa kazi hiyo. Lakini washiriki wake walikuwa karibu wote weupe, wasio na malaria, wasio na selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu), na damu yao ilikuwa ya kutosha.

Sasa njoo Kanda ya Ziwa, Tanzania, ambako takriban mtoto mmoja kati ya watano anazaliwa na kinasaba kimoja cha selimundu. Huyu si mgonjwa. Himoglobini yake ni kama 60% A, ile ya kawaida, na 40% S, ile ya selimundu, anacheza mpira, anazeeka. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walilinganisha Wamarekani weusi wenye kinasaba kimoja na wasio nacho, watu 4,620 kwa jumla, sukari zikiwa sawa. HbA1c ya wenye kinasaba ilikuwa wastani wa 5.72, ya wengine 6.01. Tofauti ni 0.29. Inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba maamuzi yote ya utambuzi yanafanyika kati ya 5.7 na 6.5.

Kwa nini iwe chini? Hapa vitabu vinapita haraka, nami sitapita. Inawezekana chembe zao zinaishi muda mfupi kidogo. Inawezekana pia sehemu ya tofauti inatoka kwenye mbinu ya mashine. Badiliko la selimundu liko nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, jirani kabisa na ile valini ya kwanza ambayo kingamwili za baadhi ya mashine zinaitafuta. Mashine nyingine zinatenganisha himoglobini kwa chaji, na himoglobini ngeni ikijitokeza mahali pasipotarajiwa, hesabu inavurugika. Hakuna aliyelifunga suala hili, na anayekwambia amelifunga anakuuzia mashine. Mwulize mbinu ni ipi, na kama imethibitishwa kwa himoglobini AS, yaani ya mwenye kinasaba kimoja. Akishindwa kujibu, umeshajibiwa.

Mwenye selimundu kamili, SS, asipimwe HbA1c kabisa. Hana himoglobini A, isipokuwa ile aliyoongezewa. Chembe zake huishi siku 10 hadi 20. Mashine nyingine itatoa namba hata hivyo, na namba hiyo ikiingia kwenye faili itaaminiwa.

Halafu kuna upungufu wa G6PD, kimeng’enya kinacholinda chembe nyekundu zisivunjike mapema, ambao kwangu ndio mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. Mwaka huohuo wa 2017 uchunguzi mkubwa wa vinasaba ulionyesha kuwa aina moja, ambayo karibu 11% ya Wamarekani weusi wanabeba angalau nakala yake moja, inashusha HbA1c kwa 0.81 kwa mwanamume aliye nayo, na kwa 0.68 kwa mwanamke mwenye nakala mbili. Kinasaba kiko kwenye kromosomu X, ndiyo maana mwanamume anaumizwa na nakala moja tu. Ni aina ya Kiafrika, ileile tunayoishi nayo. Mwanamume ambaye kwa haki angesoma 7.0 anasoma 6.2. Hana manjano, hana anemia, anajisikia mzima. Kwa mujibu wa karatasi yake ya majibu, hana kisukari.

Upungufu wa madini chuma unavuta upande wa pili. Chembe mpya zinachelewa kutengenezwa, za zamani zinakuwa nyingi, HbA1c inapanda bila sukari kupanda. Hapa kuna mtego ambao ningependa kila kliniki iuone. Mama ana himoglobini 8.5, yaani damu ni pungufu, na HbA1c 7.1. Anaanzishiwa metformini, dawa ya kisukari, na vidonge vya chuma siku moja. Baada ya miezi mitatu HbA1c ni 6.3 na wote wanashangilia metformini. Lakini vidonge vya chuma vilileta kundi la chembe changa ambazo hazijakaa na sukari, na hizo peke yake zinatosha kuishusha namba. Dawa gani ilifanya kazi? Kwa HbA1c hutajua. Pima sukari.

Malaria iliyovunja chembe wiki chache zilizopita, kutoka damu nyingi, kuongezewa damu, sindano za erithropoietini (homoni ya kutengeneza chembe nyekundu) kwa wanaosafishwa figo, dapsoni (dawa ya ukoma): vyote vinashusha. Baada ya kuongezewa damu subiri miezi mitatu. Kwa mjamzito usiitumie kutambua kisukari cha mimba. Mpe gramu 75 za glukosi, na thamani yoyote moja ikifika 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja au 8.5 baada ya saa mbili, amekipata. Mtoto anayekonda, anayekojoa usiku na kunywa maji bila kukoma, pima sukari yake dakika hiyohiyo. Kusubiri HbA1c ya mtoto wa aina hiyo ni kumhatarisha, maana ugonjwa wake unaweza kukimbia kuliko chembe zake.

Turudi kwa mwenye daftari. Kuna hesabu ya kulinganisha, kutoka utafiti wa ADAG wa 2008: zidisha HbA1c kwa 1.59, toa 2.59, unapata wastani wa sukari kwa milimoli. Kwa 6.2 unapata kama 7.3. Daftari lake la asubuhi peke yake lina 9 na 10. Sukari ya kabla ya kula kwa kawaida ndiyo ya chini katika siku. Kama hiyo tayari imeuzidi wastani uliokadiriwa, kuna kitu hakilingani. Usikimbilie kumwita mwongo.

Ila usikimbilie pia kuiamini mashine yake. Mashine za nyumbani zinaruhusiwa kukosea hadi 15% juu au chini kwa sukari zilizo juu, na damu ikiwa nyepesi nyingi kati yake husoma juu kuliko ukweli. Kwa hiyo mtu mwenye anemia ya kuvunjika chembe anavutwa pande mbili kwa pamoja: HbA1c inashuka kwa uongo, glukomita, ile mashine ya nyumbani, inapanda kwa uongo, na mwanya unakuwa mkubwa kuliko ugonjwa ulivyo. Hili huwa silioni likisemwa popote kwenye mafunzo ya kliniki.

Mwamuzi ni glukosi ya plazma, maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe, ikipimwa maabara. Na mwamuzi naye tunamharibu kwa mikono yetu. Damu ikishaingia kwenye kichupa, chembe zinaendelea kula glukosi, kama 5 hadi 7% kila saa kwenye joto la chumba. Sukari ya kweli 7.4, kichupa kikikaa juu ya meza saa mbili kikisubiri mwenzake, inasomeka kama 6.5, na mtu anaambiwa hana kisukari. “Lakini tunatumia kichupa cha kofia ya kijivu, chenye floraidi.” Najua. Floraidi iliyomo inazuia kimeng’enya kilicho karibu na mwisho wa njia ya kuvunja glukosi, kwa hiyo sukari inaendelea kuliwa kwa saa moja, mbili, wakati mwingine zaidi, kabla ya kusimama. Sitrati inasimamisha mapema zaidi, lakini vichupa vyake ni adimu. Kama huna, weka kichupa kwenye barafu yenye maji mara baada ya kutoa, na kizungushwe kwenye sentrifuji ndani ya nusu saa ili plazma itengane na chembe. Andika saa ya kutoa na saa ya kuzungusha. Bila saa hizo mbili, 6.5 ya kichupa hicho siiamini.

Kama bado kuna shaka, mnyweshe glukosi. Afunge saa 8 au zaidi, gramu 75 kwenye maji mililita 250 hadi 300, anywe ndani ya dakika tano, saa ihesabiwe tangu anapoanza kunywa. Angalia lebo ya pakiti: kama glukosi yako ni monohidrati, pima gramu 82.5, kwa sababu sehemu ya uzito ni maji. Ikifika 7.0 kabla ya kunywa au 11.1 baada ya saa mbili, ni kisukari. Fruktosamini, kipimo cha sukari iliyoshika protini za plazma, inasaidia pale inapopatikana. Inaangalia wiki mbili tatu, haijali chembe nyekundu, ila mgonjwa anayepoteza protini kwenye mkojo atakupa namba ya chini ya uongo.

Sasa upande unaonipinga, kwa sababu upo na una uzito. Utafiti uliofanyika Uganda kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili, waliovalishwa vipima sukari vya kubandika, ulikuta HbA1c inafuatana vizuri na sukari halisi, vizuri kuliko sukari ya asubuhi, hata katika jamii yenye selimundu na anemia. Nauheshimu sana, na kwa sababu yake sisemi HbA1c itupwe. Kumfuatilia mtu yuleyule, damu ileile, mashine ileile, kutoka 11 hadi 8, ni kazi inayoifanya vizuri. Damu yake ikipunja namba, inaipunja kila mara, na mwelekeo unabaki wa kweli. Taabu inakuja unapomtambua mtu kwa mara ya kwanza kwenye mpaka, unapomlinganisha na jirani yake, au damu ilipobadilika katikati ya safari.

Je, tuongeze 0.3 kwa kila mwenye AS? Nimeona ikipendekezwa. Nakataa. 0.29 ni wastani wa kundi. Hata bila selimundu, HbA1c ya 7.0 inaweza kubeba wastani wa sukari wa kuanzia 6.8 hadi 10.3, na anayeketi mbele yako hujui yuko wapi ndani ya mwanya huo. Kuongeza namba kwa kukisia ni kuandikia mate na wino upo.

Ninachoomba ni kidogo. Kwenye fomu ya kuomba HbA1c, pale penye “maelezo ya mgonjwa” panapoachwa wazi kila siku, andika himoglobini yake na tarehe yake, kama ameongezewa damu au kuugua malaria ndani ya miezi mitatu, kama anatumia chuma au dapsoni, kama ana mimba, kama kwao kuna selimundu. Na maabara nayo, mashine ya kutenganisha inapochora kilima cha S pembeni ya A1c, isiandike asilimia peke yake. Mchoro huo mmeuona, na daktari aliyeomba kipimo hawezi kuuona msipomwandikia.