Mtoto anagonga mlango wa nani?

Wazazi wote wawili wako nyumbani, kila mmoja chumba chake, kila mmoja na kikao chake kwenye kompyuta. Mtoto ana njaa. Anagonga mlango wa nani?

Mara nyingi anagonga wa mama, na hakufundishwa na mtu. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria kuwa wanawake hutumia wastani wa saa 4 na dakika 25 kwa siku kwa kazi za nyumbani na ulezi zisizolipwa, wanaume saa 1 na dakika 23. Miaka miwili baadaye UVIKO-19 iliwafungia wengi majumbani, ikatarajiwa kwamba baba akijionea mwenyewe shughuli za mchana kutwa, atashika ufagio. Wapo walioushika, hasa ambao wake zao waliendelea kwenda kazini: hapakuwa na wa kumwachia. Wote wawili wakiwapo, mazoea hushinda.

Hasara yake haionekani upesi. Mama anaandika aya moja, anachungulia sufuria, anarudi, anaitwa tena. Saa nane zilizokatwakatwa hivyo haziwi saa nane za kazi, kwa hiyo ripoti humaliziwa usiku watu wakishalala. Bosi huona tu kwamba imechelewa.

Halafu kuna kazi ya kukumbuka: tarehe ya chanjo, sare iliyoanza kubana, dawa za bibi zinazokaribia kwisha. Mume anayesema “niambie tu nikusaidie” ana nia njema, lakini usimamizi wote bado kamwachia mwenzake. Akabidhiwe jambo zima. Kama ni dawa za bibi, azihesabu yeye, azifuate yeye, ajue siku ya kliniki bila kukumbushwa.

Waajiri nao wana lao. Mkataba Na. 156 wa ILO, wa mwaka 1981, unawahusu wafanyakazi wanaume na wanawake wenye majukumu ya familia. Ofisi inayowaruhusu akina mama peke yao kufanyia kazi nyumbani inadhani inawapunguzia mzigo, kumbe inazidi kuwaachia wao peke yao kazi za nyumbani.

Kwa wanandoa, ninachopendekeza ni zamu za mlango. Asubuhi mmoja anafunga wake na mwenzake anaitikia kila hodi; mchana wanabadilishana. Wiki ya kwanza mtoto atakosea mlango. Aelekezwe tu, bila kufokewa.